Huo Si Ukoga, Jamani

Nimechoka na ukuta wenye ukoga. Kila nikifungua hadithi mpya ya Kiswahili, nyumba ikitelekezwa tu, mwandishi anaipaka ukoga. Msitu nao ni "wa kijani kibichi", basi, kazi imeisha.

Hebu tuelewane. Ukoga ni ule utelezi wa kwenye mtungi, kwenye sakafu ya bafu, hata kwenye meno. Kuvu ndiyo inayoharibu mkate. Kuvumwani ni kitu kingine kabisa. Piga magoti kwenye jiwe lenye unyevu huko milima ya Uluguru, chukua lenzi: utaona vishina vyenye vijani vidogo vidogo, na juu yake vijiti vyembamba vilivyobeba vichwa vya spora. Haina mizizi ya kweli. Maji inayanywa kwa majani. Dondoshea maji kipande kilichokauka na kujikunja, kitafumbuka ukikitazama. Ukoga gani unafanya hivyo?

Nakubali, neno lenyewe lina utata. Watu huita kuvumwani pia yale magamba ya kijivu kwenye magome, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Magamba hayo hayana shina wala jani. Basi tuyatenganishe! Neno halikomai bila kutumiwa.

Wapo watakaosema eti fasihi si somo la biolojia. Sawa. Lakini mwandishi huyohuyo hawezi kuchanganya chapati na maandazi, wala kanga na kitenge. Kwa nini uvivu wake auhifadhi kwa ajili ya msitu?

Na hili si suala la urembo tu. Mwaka 1980 Tamás Pócs alichapisha utafiti kuhusu mimea inayoota juu ya miti ya Uluguru, kuvumwani ikiwemo, na jinsi inavyoshika maji ya mvua na ukungu. Milima hiyo ni chimbuko la mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Yaani mwandishi wa Dar anakunywa chai yake, kisha anaita uchafu kitu kilichosaidia kumtunzia maji.

Nyumba yako ya hadithini ikitelekezwa, iache iote. Ila mwambie mhusika wako ainame kwanza, aone kilichoota ni nini.