ANAYENGOJA MLANGONI NAYE YUMO KAZINI



Neno "kibarua" lilikuwa letu sisi watu wa visiwani tangu zamani. Lilikuwa ni karatasi, barua ndogo ya kazi ya siku. Na katika karne ya 19 hapa Unguja wengi walioishika walikuwa watumwa waliokodishwa, ijara yao wakigawana na bwana. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897. Kibarua kikabaki.

Twayakumbusha haya kwa sababu ya habari za Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, mji ule umekuwa wa kujengwa: maofisi Mtumba, uwanja wa ndege Msalato, na majumba kila upande. Wamo na vijana wetu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kutafuta riziki. Alfajiri, katika baridi ya bara, husimama mlangoni. Nyapara hutoka, akachagua awatakao, waliobaki akawaambia waje kesho. Asiyekuja hupoteza nafasi yake. Na ajaye hakuahidiwa hata saa moja. Mmoja amefungwa, mwenziwe yu huru, na haya ndiyo yaitwayo makubaliano!

Tutaambiwa kuwa kazi hupanda na kushuka. Hoja hii ni kongwe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake wa karanga huko Kongwa, katika jimbo hilo hilo la kati. Maelfu waliandikwa kazi. Mvua ikakosekana, udongo ukayashinda matrekta, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Lakini mwaka huo huo wa 1947 Serikali hiyo hiyo iliwatengenezea wachukuzi wa bandari za kwao utaratibu: aliyehudhuria akakosa meli, alipwe fedha ya kuhudhuria. Basi walijua kuwa kungoja ni kazi. Ila elimu hiyo haikupakiwa melini pamoja na matrekta.

Na New Zealand, mwaka 2016, ilipitisha sheria: mwenye kazi akimtaka mtu akae tayari, amlipe kwa kukaa tayari.

Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yaweka ukomo wa juu, saa 45 kwa wiki. Juu ya ukomo wa chini imenyamaza. Kimwumizacho kibarua si wingi wa saa, ni uchache wake. Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara peke yao: katika mahoteli yetu, watalii wakipungua, wapo waambiwao wakae nyumbani wangoje simu.

Wabunge kutoka visiwani hukaa Dodoma humo humo, si mbali na milango hiyo. Twawataka waulize Bungeni: kijana aliyeitwa saa 12 asubuhi akarudishwa saa 3, saa zile tatu ni mali ya nani? Na jawabu tuletewe kwa maandishi.