Sabuni ndani ya mfuko wa askari



Wiki hii naandika juu ya bwana zetu, watoto wetu na ndugu zetu waliotumwa mbali na nyumba, kwenye mstari wa mbele. Katika vikundi vyetu, tukiwaombea, tunaomba risasi isiwapate. Ni vizuri. Lakini tuulize pia: huko wanakunywa maji gani?

Mwaka 1916 askari wa Force Publique walipita Rwanda na Burundi hadi Tabora, wakauteka mji huo mwezi wa Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi maelfu na maelfu, babu za babu zetu, na mizigo kichwani. Kuhara damu na magonjwa ya kifua viliua wapagazi wengi kuliko risasi. Na Goma, mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wengi sana waliingia kwa siku chache tu. Ardhi ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi ngumu, na watu walikunywa maji ya ziwa bila kuyasafisha. Kolera iliua makumi ya maelfu. Kambi ya askari nayo iko hivyo: watu wengi, mahali padogo, choo cha haraka haraka.

Basi tuanze na maji. Yakichemshwa, yaachwe yatokote sawasawa dakika moja. Huko milimani, juu ya meta 2000, dakika tatu. Lakini mama mmoja aliniuliza: na kama kamanda amekataza moto kwa sababu ya moshi? Ni swali la mtu anayejua vita. Kama kuna vidonge vya kusafisha maji, afuate maandishi ya pakiti na asubiri muda wote ulioandikwa. Kama havipo, achukue chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, isiyozidi lita mbili, aijaze maji meupe yasiyo na udongo, ailaze kwenye jua kali saa sita. Kukiwa na mawingu, aiache siku mbili. Maji ya rangi ya udongo ayachuje kwanza na kipande cha kikwembe safi kilichokunjwa mara nyingi, maana jua halipiti kwenye tope. Chupa mbili tupu ndani ya mfuko wake hazina uzito wowote.

Choo kiwe chini ya mahali pa kuteka maji, na mbali: meta 30 au zaidi. Kikosi kinachotembea kila siku hakichimbi choo kirefu, lakini kila mtu anaweza kufukua shimo dogo na kulifunika na udongo. Nzi akitoka pale, anakuja moja kwa moja kwenye sahani ya bugali. Mikono ioshwe na sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Sabuni ikikosa, majivu yanasaidia. Katika darasa langu watoto wa miaka minane wanajua hayo, na ninaamini mtoto akimwambia baba yake kwenye simu, baba atasikia kuliko akiambiwa na mkubwa wake.

Miguu tunaisahau. Askari anayekaa siku nyingi na buti lenye maji, ngozi inakuwa nyeupe, inavimba, inapasuka, na mwisho hawezi kutembea. Mfungie soksi jozi tatu: moja mguuni, moja inakauka, moja kavu ndani ya plastiki. Usiku avue buti kama amri inaruhusu, akaushe katikati ya vidole.

Najua mshahara unachelewa na sabuni ni pesa. Hata hivyo, tukikusanya likelemba, kila mmoja akiongeza kipande kimoja, mama mwenye bwana mbali hatakosa cha kumtumia. Mimi naona hiyo ni msaada kuliko fulana yenye maandishi.

Wamama wanaoishi kambini pamoja na watoto, haya yote ni yenu pia. Mtoto akianza kuhara maji maji, msingoje. Changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo wakati mnampeleka kituo cha afya. Msizidishe chumvi, inaweza kumdhuru. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Na siku baba anarudi likizo, mpokeeni kwa furaha, lakini mfuko wake usiingie kitandani. Chawa wanakaa kwenye mishono ya nguo. Lowekeni zote kwenye maji ya moto sana, blanketi pamoja, kisha zianikwe juani.