Mazembe haikuanza na Kidiaba

Baada ya kipindi chetu cha Clermont, wengi mmeandika swali lilelile: rugby ya Ufaransa inatuhusu nini sisi watoto wa Matonge? Haki yenu kuuliza. Mimi naona inatuhusu, kwa sababu Clermont na Mazembe ni ndugu wa tairi.

Clermont nipite haraka. Mwaka 1911 Marcel Michelin, wa familia ile ya tairi, alianzisha klabu iliyoitwa Association Sportive Michelin. Baadaye jina la kampuni likatolewa, ikawa AS Montferrandaise, herufi zikabaki ASM. Walipoteza fainali kumi za ubingwa wa Ufaransa kabla ya kushinda ya kwanza mwaka 2010. Kumi! Na mji mzima unaijua hesabu hiyo, wanaisimulia bila aibu. Hapo ndipo wanatushinda.

Maana ukiingia Galerie d'Ixelles Jumamosi, kati ya saluni na maduka ya vitenge, muulize kijana yeyote Mazembe ni nini. Atakuambia Kidiaba, yule kipa aliyekuwa anarukaruka kwa makalio kila timu ikifunga bao. Atakuambia Abu Dhabi, Desemba 2010: Internacional ya Brazil kapigwa 2-0, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter Milan wakatufunga 3-0, sawa. (Na Lubumbashi watu wakaenda kuvunja maduka ya Wachina kwa sababu ya refa, ambaye alikuwa Mjapani. Hiyo nayo ni historia yetu, hata kama haipendezi.) Halafu kijana ananyamaza. Kwake Mazembe ina umri wa miaka kumi na kitu.

Sasa kaa na papa mmoja wa Lubumbashi aliyevuka sabini. Yeye hasemi Mazembe. Anasema Englebert. Na sisi tunacheka, tunadhani ni uzee.

Si uzee. Klabu ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikiitwa Saint-Georges. Ikawa Saint-Paul. Kisha ikachukua jina la mfadhili: Englebert, kampuni ya tairi ya Liège. Ndiyo, Liège hii hapa, saa moja kwa treni. Ni tairi zilezile zilizovaliwa na Ferrari ya Fangio alipokuwa bingwa wa dunia mwaka 1956. Na ni kwa jina hilo la Kibelgiji, nchi ikiwa tayari huru, kwamba vijana wa Katanga walichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana ilikuwa sare mara mbili, na kwenye mechi ya kuamua Kotoko hawakutokea. Hakuna klabu nyingine iliyotetea kombe hilo mpaka Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Waliingia fainali ya 1969 na ya 1970 pia, wakapoteza zote mbili. Fainali nne mfululizo, jamani.

Kuna rafiki zangu wanaosema jina Englebert lizikwe, ni jina la mkoloni. Nawaelewa, lakini sikubali. Sikiliza Kiswahili chenyewe: mpira ni utomvu wa mti, mpira ni kitu unachopiga teke, mpira ni mchezo. Neno moja. Babu zetu wa misituni walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wa kwanza wakati wa Leopold. Katanga yenyewe ilikuwa zaidi nchi ya shaba, tusichanganye mambo, lakini faida ilikuja kwenye miji hii hii tunamopanda tramu. Ukifuta jina Englebert, unamfutia Mbelgiji deni lake, na unamfutia papa ushindi wake. Nani anapata faida hapo? Si sisi.

Kitu kingine kinachonikera: hadithi yote kuachiwa Moïse Katumbi. Amekuwa rais wa klabu tangu 1997, amefanya makubwa, mataji ya 2009, 2010 na 2015 yamekuja chini yake. Lakini ni mwanasiasa. Anayempenda anaipenda Mazembe, anayemchukia anaichukia, na watu wa 1967 hawaulizwi kitu.

Halafu kuna suala la lugha. Matonge yetu imechukua jina la mtaa wa Kinshasa, na huko Galerie Kilingala ndicho kinatawala. Sisi wa Kiswahili mara nyingi tunakaa kama wageni, tunajibu kwa Kifaransa. Lakini Englebert ilishangiliwa kwa Kiswahili, kile cha kwetu cha "njo vile" na "batu bote". Hizo hadithi za uwanjani hazitafsiriki vizuri, jaribu utaona.

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1967 sasa anakaribia themanini. Kwa hiyo mkipeleka mama kusukwa, au papa kunyolewa, washa simu, mwombe ruhusa, muulize: "Papa, siku ya kombe ulikuwa wapi?" Mwache aseme Kiswahili chake, msimsahihishe. Mtutumie sauti. Wafuasi wa Lupopo nao watume, tutawasikiliza, ingawa kwa shida.