Soda na Fedha ya Msimu



Labda mtu atauliza: wakulima wa karafuu wana nini na Bariadi? Twajibu kuwa wana mengi. Wenzetu wa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, wanalima pamba kama sisi tulimavyo karafuu. Wao kama sisi hupata fedha kwa msimu, na fedha ya msimu ina miguu. Sehemu yake huishia dukani, katika kreti la soda.

Wala hatushangai kwamba soda inapendwa. Ni baridi, gesi yake huchangamsha ulimi, na mgeni akipewa huona ameheshimiwa. Lakini chupa ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vidogo tisa hivi. Mkorogee mgeni vijiko tisa katika bilauri ya maji matupu, atakurudishia. Katika soda havitambuliki, kwa kuwa ubaridi, gesi na ukali wa asidi huvificha. Mwili hupata nguvu ya upesi tu, bila protini wala nyuzinyuzi. Na meno huharibika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na 25 ni bora zaidi. Chupa moja yatosha kuipita hiyo 25.

Na Simiyu kuna mibuyu. Huko Meatu, Wahadzabe wanakula ubuyu tangu zamani, na unga wake una vitamini C na kalsiamu. Sisi nasi visiwani tunao, lakini twaupika kwa rangi na sukari tukawauzia watoto. Yatupasa kusema kweli: maji ya ubuyu yaliyojazwa sukari ni soda isiyo na kizibo.

Rai yetu ni hii: msimu ujao wachumaji wapewe maji safi, maji ya ubuyu, na chai ya tangawizi na karafuu, sukari kidogo. Soda ibaki ya sikukuu. Wako watakaosema kwamba mchumaji akikosa soda atahamia shamba la jirani. Basi na tukubaliane sote, jirani naye akiwamo.

Jambo hili litaletwa katika mkutano mkuu. Kila mwanachama aje na rai yake.