Mkono Mmoja Waweza Kupiga Taipu



Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta na wenzetu wenye ulemavu wa mikono.

Hapa Kagongwa tunakoboa mpunga kwa mashine. Wenzetu wa Kahama na Geita wanachimba dhahabu. Kazi hizi zinatupatia fedha, lakini zina hatari. Mkanda wa mashine unaweza kukata vidole. Jiwe la shimoni linaweza kuvunja mkono. Tena, kuanzia mwaka 2007 hivi, watu waovu waliwashambulia ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa kwa sababu ya ushirikina. Baadhi yao waliuawa. Wengine walikatwa mikono.

Mtu aliyebaki na mkono mmoja anahitaji kazi. Kupiga taipu kwenye steshenari ni kazi inayoweza kumfaa. Watu huleta barua za maombi, mikataba ya mashamba na mihtasari ya vikao. Lakini akienda kuomba kazi huambiwa, "Wewe huwezi, kompyuta inataka mikono miwili." Je, ni kweli?

Shida iko wapi?

Herufi nyingi hubonyezwa kwa kidole kimoja. Shida huja kwenye herufi kubwa. Ukitaka kuandika K ya Kagongwa, unashikilia kitufe cha Shift, na papo hapo unabonyeza k. Ukitaka kuhifadhi kazi, unashikilia Ctrl na kubonyeza S. Vitufe hivi mara nyingine viko mbali, na mkono mmoja haufiki kote.

Dawa imo ndani ya kompyuta

Tutoe mfano wa kompyuta zenye programu ya Windows. Fanya hivi:

1. Bonyeza Shift mara tano mfululizo.
2. Swali litatokea kwenye kioo. Chagua Yes, maana yake ndiyo.
3. Sasa bonyeza Shift mara moja, kisha uachie.
4. Bonyeza k. Utapata K kubwa.

Kompyuta imeikumbuka Shift na kukusubiri. Vivyo hivyo, bonyeza Ctrl, achia, halafu bonyeza S. Kazi yako itahifadhiwa. Akija mwenye mikono miwili, atabonyeza Shift na herufi kwa pamoja kama alivyozoea. Kwa kawaida kompyuta itarudi katika hali ya mwanzo.

Wako pia wenye mikono inayotetemeka. Wakitaka kuandika mpunga, wanapata mmmpunga. Hao washikilie Shift ya upande wa kulia kwa sekunde nane. Swali likitokea, wachague Yes. Kompyuta itaanza kupuuza vitufe vilivyoguswa kwa bahati mbaya.

Asiyeweza kabisa kubonyeza vitufe anaweza kuweka picha ya vitufe kwenye kioo, akachagua herufi kwa kipanya. Asiyeona vizuri anaweza kukuza maandishi. Wengi wenye ualbino wanahitaji msaada huu, maana macho yao hayaoni vizuri.

Mambo haya si mapya. Vitufe vinavyosubiri vimo ndani ya Windows tangu ile ya mwaka 1995. Havinunuliwi. Ukinunua kompyuta umekwisha kuvilipia, hata kama hujapata kuvitumia.

Ni haki, si hisani

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inakataza kumbagua mtu katika kazi kwa sababu ya ulemavu wake. Basi mwenye duka asiseme "huwezi" kabla hajamjaribu mtu.

Tufanye nini?

Wenye steshenari, jaribuni leo kubonyeza Shift mara tano. Walimu wa kompyuta, fundisheni jambo hili siku ya kwanza. Wazazi, msimfiche nyumbani mtoto mwenye ulemavu. Mpelekeni shule asome kama wenzake. Nawe uliyeumia mashineni au mgodini, usikate tamaa. Nenda ukajifunze. Mwanzoni utakwenda polepole, na kila anayeanza huenda polepole.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, mwana hulelewa na wengi. Lakini barua inaweza kuandikwa kwa mkono mmoja, na ujira wake ukamlisha mwana huyo.