Maandishi nayo yanahitaji cheti cha uasili

Kila mfanyabiashara anayevusha mzigo mdogo katika mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anakifahamu cheti cha uasili. Ni ile karatasi inayoeleza kwamba mchele huu au maharage haya yamezalishwa ndani ya Jumuiya. Kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani hupewa cheti hicho pale pale mpakani kwa utaratibu uliorahisishwa, na mwenye mzigo haitozwi ushuru wa forodha wa kuingiza bidhaa. Asiyekuwa nacho atajieleza mpaka jua lizame. Hata kama mchele umelimwa na mama yake mzazi, mbele ya afisa unaweza kuhesabiwa kuwa ni mchele wa kutoka ng'ambo.

Nimeanza na habari za forodha kwa sababu nataka kuzungumzia maandishi. Siku hizi vijana wengi waliorejea Burundi kutoka Tanzania, pamoja na kina mama na kina baba wanaofanya biashara kati ya Bujumbura, Kigoma na Uvira, wanaandika. Simu ipo na tovuti za kuwekea hadithi, mashairi na makala zipo. Malalamiko ninayoyasikia kila mara ni haya: "Naandika, lakini wahariri hawanioni."

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mmoja wa wasomaji wa kujitolea wanaowasaidia wahariri wa tovuti moja ya Kiswahili kuchuja kazi zinazoingia. Sina cheo na silipwi. Lakini nimesoma kazi nyingi kiasi cha kuweza kusema jambo moja bila kusitasita: kazi inayomfanya mhariri asimame ni ile ambayo mtu mwingine yeyote asingeweza kuiandika. Huo ndio uasili. Wengi wetu tunao, ila tunauficha chini ya gunia na kuweka juu bidhaa ya kuiga.

Kabla sijaenda mbali, naomba nieleze kwa nini jambo hili si mchezo wa vijana wenye simu. Sisi tuliokulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu, katika makazi waliyopewa wazazi wetu baada ya kukimbia mauaji ya mwaka 1972, tulisoma kwa Kiswahili. Ulipofika wakati wa kuchagua, watu wapatao 50,000 walirudi Burundi, wengi wao katika miaka ya 2008 na 2009, na wengine zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Tuliorudi tulikuta shule za Kirundi na Kifaransa. Kirundi tulikisema nyumbani lakini hatukuzoea kukiandika, na Kifaransa hatukukijua kabisa. Kijana aliyekuwa akiongoza darasa lake Katumba aliketi nyuma kama mgeni, akiitwa "Mtanzania" na watoto wadogo kwake. Kalamu yetu ilikuwa ya Kiswahili tu.

Matokeo yake ni kwamba habari zetu ziliandikwa na watu wengine. Mashirika yaliandika ripoti zenye idadi ya mabati na magunia ya chakula, na magazeti yakaandika juu ya migogoro ya mashamba kule Rumonge na Nyanza-Lac. Sisi wenyewe tulibaki kuwa takwimu. Kwa hiyo kijana wa aina hiyo anapofungua ukurasa wake leo na kuandika kwa Kiswahili, anaufungua mlango pekee alionao. Mlango huo ukibaki umefungwa, wajukuu wetu watatusoma katika ripoti za wafadhili.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Katika kila kazi kumi zinazonifikia kutoka upande wetu, nyingi ni hadithi za mapenzi ya tajiri wa Dar es Salaam mwenye jumba la ghorofa na gari jeusi, anayemsaliti mke wake na katibu muhtasi. Sina ugomvi na mapenzi wala na Dar es Salaam. Lakini mwandishi ukimuuliza, hajawahi kulala katika jumba hilo wala kupanda gari hilo. Amelichukua jumba kutoka katika filamu aliyoitazama, na vijana mia wengine wamelichukua jumba hilo hilo. Mhariri anayesoma hadithi ya kumi na moja ya jumba hilo hawezi kujua kwamba nyuma yake yuko mtu aliyewahi kutembea usiku kucha na mdogo wake mgongoni.

Siku moja ikaja kazi ya kurasa tatu kutoka kwa mama mmoja muuza dagaa. Hakuwa na maneno makubwa. Alieleza jinsi mnunuzi mzoefu anavyoingiza mkono mpaka chini ya gunia kutafuta mchanga, kwa kuwa dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga na dagaa wa kwenye chanja huwa safi. Akaeleza jinsi anavyokokotoa faida kichwani kwa shilingi na kwa faranga kabla mbadilisha fedha hajamaliza kuhesabu noti. Katikati ya kurasa hizo akataja, kama mtu anayepita njia, kwamba hesabu hiyo alifundishwa na baba yake kwa vijiti vya kuni huko Mishamo. Wahariri watatu waliisoma siku hiyo hiyo, na wote watatu wakauliza swali moja: "Ana nyingine?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali unalolitaka kutoka kwa mhariri. Halinunuliwi.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba siku hizi mhariri anafuata idadi ya wasomaji, na watatoa mifano. Ni kweli kwamba Anna Todd wa Marekani alianza kuandika hadithi yake After katika Wattpad mwaka 2013, akasomwa na umati mkubwa, na mwaka uliofuata ikachapishwa kama kitabu. Ni kweli pia kwamba Andy Weir alikuwa akiweka sura za The Martian katika tovuti yake mwenyewe, kisha akaiuza kama kitabu cha kielektroniki, na baadaye mchapishaji mkubwa akaichukua. Mwaka 2015 ikawa filamu.

Lakini hao waliandika kwa Kiingereza, katika nchi ambako kila msomaji ana simu yake na intaneti haikatiki. Kwetu hali ni tofauti. Hadithi nzuri ikifika sokoni inasomwa katika simu moja, kwa sauti, watu sita wakiwa wamekaa juu ya magunia wakisikiliza. Mashine inahesabu msomaji mmoja. Anayenunua bando la siku moja hawezi kurudi mara tano ili kuongeza idadi. Tukikubali kupimwa kwa mizani hiyo peke yake, mzigo wetu utaonekana mwepesi siku zote. Na hata huyo mwenye wasomaji wengi anakumbana na hatari nyingine, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kuna wanaosema pia kwamba Kiswahili chetu cha mpakani ni kibovu, eti mhariri hawezi kukipokea. Hapa tutenganishe mambo mawili. Makosa ya tahajia ni makosa. Anayechanganya "r" na "l", au anayeiacha "h" njiani, ampe rafiki aisome kazi kabla ya kuituma, kwa sababu mhariri aliyechoka hatakuwa na subira. Lakini neno la mahali si kosa. Kama sokoni kwenu dagaa wanaitwa ndagala, andika ndagala, na sentensi yenyewe itamweleza msomaji ni nini. Ukiyafuta maneno hayo yote ili ufanane na mtangazaji wa redio, umeuchana mwenyewe ule ushahidi wa mahali mzigo ulikotoka.

Umbali nao si kizuizi. Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba, alikuwa akiishi Ujerumani alipopata tuzo ya ushairi mwaka 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu, inayozungumzia hali ya mgeni ugenini. Ilikuwa ni awamu ya kwanza ya tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo iliwafungulia mlango hata wenye miswada ambayo haijachapishwa. Nani kati yetu hajui ugeni ni nini? Sisi tumekuwa wageni mara mbili, ugenini na nyumbani.

Uasili peke yake, hata hivyo, hautoshi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kilichofungwa ndani ya gunia bila alama hakijiuzi. Kuna mambo machache ambayo mwandishi anatakiwa kuyafanya, na yote yamo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, mhariri anasoma aya ya kwanza kama mnunuzi anavyoshika mchele kiganjani. Usiipoteze kwa salamu, kwa dibaji ndefu, wala kwa "tangu enzi za mababu". Anza na jambo lenyewe. Pili, soma masharti ya tovuti na uyafuate: urefu wa kazi, aina ya kazi na namna ya kuituma. Kazi nzuri nyingi zinaachwa kwa sababu shairi limewekwa penye makala, au kwa sababu mtu ametakiwa maneno elfu moja akatuma elfu tano. Tatu, kama kazi imekwisha kutoka mahali pengine, sema. Mhariri akijigundulia mwenyewe, hatakuamini tena.

Nne, usimlipe mtu yeyote ili uonekane. Wapo wanaojiita wahariri au mawakala wanaoomba fedha kidogo kwa njia ya simu "ili kazi yako ipandishwe juu". Mwandishi mmoja ninayemfahamu alitoa faida ya wiki nzima ya biashara yake kwa mtu wa namna hiyo, na hakumsikia tena. Katika uchapishaji wa haki, mhariri halipwi na mwandishi ili amsome. Tano, kabla hujabonyeza kukubali masharti, soma sehemu inayohusu haki ya mwandishi. Zipo tovuti zinazoomba ruhusa ya kuionyesha kazi yako, na hilo ni sawa. Zipo pia zinazotaka kazi iwe mali yao moja kwa moja, na hizo ziogope. Weka nakala yako yenye tarehe, hata kama ni katika daftari.

Sita, usiiachie mashine kazi ya kukuandikia. Najua kwamba programu za akili bandia zinaweza kutoa hadithi ndani ya dakika moja. Mwezi Februari 2023, jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi liitwalo Clarkesworld lililazimika kufunga kwa muda mlango wa kupokea kazi, kwa sababu lilifurikwa na mamia ya hadithi zilizoandikwa na mashine. Tangu hapo wahariri wamekuwa wakali zaidi. Na mashine hata ikipewa siku nzima haitajua baba yako alihesabu kwa vijiti gani.

Sasa niseme na upande wa pili, maana ni dhuluma kumtwika mwandishi mzigo wote. Wahariri wa tovuti zetu, wengi wenu mnaishi Dar es Salaam na Nairobi. Kila wiki mnachagua kazi za kuweka mbele, na majina yanayochaguliwa ni yale yale mnayoyajua. Hakuna sheria inayowakataza kutenga siku moja katika mwezi mkasoma kazi ambazo hazina msomaji hata mmoja, kutoka Makamba, Kigoma, Uvira au Bukavu. Na mkikataa, semeni neno moja la sababu. Mtu aliyeambiwa "aya ya kwanza ni ndefu mno" atarudi akiwa bora. Aliyenyamaziwa hatarudi.

Hili si jambo geni katika lugha yetu. Gazeti la Mambo Leo lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923 lilikuwa likipokea beti za washairi kwa posta, kutoka kwa watu wa kawaida wa bara na pwani. Barua ilikuwa na muhuri wa mahali ilikotoka, na mhariri aliufungua bahasha baada ya bahasha. Leo posta imekuwa intaneti na bahasha zimekuwa nyingi. Kazi ya kuzifungua bado ni ya mhariri.

Nanyi ndugu zangu mliorejea, nanyi mama zetu wa sokoni, msingoje mtu aje na kinasa sauti awaulize yaliyowapata. Mtu huyo akija ataandika anavyotaka yeye, kisha ataondoka nayo. Andikeni ukurasa mmoja wa jambo mlilolishuhudia kwa macho yenu, liwe la kambini, la barabarani au la mezani pa kupimia. Mpeni mmoja asome, rekebisheni, tumeni. Ukikataliwa, tuma mwingine. Mzigo ni wetu na asili yake tunaijua wenyewe. Tuvuke nao tukiwa tumeandika jina letu juu yake.