Miezi Mitatu Bila Ndagala

Kwa mgeni, soko la samaki la Kalemie ni kelele na harufu tu. Kwa jamaa nyingi za mji ule ndilo shamba lao, nalo hulimwa usiku. Wavuvi huingia Ziwa Tanganyika jua likitua, huwasha taa juu ya maji, na ndagala huufuata mwangaza mpaka wavu unapoinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wengi hubaki nyumbani. Mitumbwi ikirudi alfajiri, akina mama wamekwisha kungoja ufukoni na mabeseni yao. Wageni hupenda kupiga picha saa hiyo. Ni wachache wanaouliza beseni lile linajazwa kwa fedha za nani.

Katika miaka hii ya karibuni, nchi 4 zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimeafikiana kufunga uvuvi miezi 3 kila mwaka, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Sisi twaiunga mkono hatua hiyo. Ndagala huishi mwaka mmoja hivi. Akivuliwa kabla ya kuzaa, hakuna wa kushika nafasi yake. Nyavu za matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, huchota watoto pamoja na wazazi. Naye mkeke, anayependwa sana mezani, chakula chake ni huyo huyo ndagala. Tena maji ya ziwa yanazidi kupata joto, na rutuba iliyo chini haipandi juu kama zamani.

Hata hivyo, sheria njema yaweza kumwelemea mnyonge. Tazameni kalenda. Ziwa hufunguliwa siku ya Kupalizwa Bikira Maria, na mwanzoni mwa Septemba shule hufungua milango. Mama aliyekaa miezi 3 bila kuuza amebakiwa na majuma yasiyozidi matatu kupata sare, madaftari na karo ya mtoto wa sekondari. Asiye na akiba hukopa, na mara nyingi deni la namna hiyo hulipwa kwa samaki, kwa bei apendayo mkopeshaji. Basi ziwa limepumzika, yeye amefungwa. Twaona si haki kumtaka maskini afunge wa kwanza bila kumwandalia kazi nyingine wala mkopo wa masharti mepesi. Wenye mamlaka wanapaswa kulijibu hilo kabla ya Mei, si baada ya malalamiko.

Nasi wanunuzi tumo. Anayenunua ndagala wa kificho mwezi Juni ndiye amtumaye mvuvi ziwani usiku.

Vikundi vya parokia vyaweza kuanza na jambo dogo: likelemba pamoja na akina mama wa soko, ichangwe samaki wanapokuwa wengi, igawanywe Julai. La pili latupendeza zaidi. Ndagala wengi huanikwa mchangani, na mvua ikinyesha huoza, kazi ya usiku mzima ikapotea. Wakianikwa juu ya vichanja, hewa hupita chini yao, hukauka upesi, hawana mchanga, nao huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Kichanja kimoja chahitaji miti, wavu mkuukuu, misumari, na vijana wenye nafasi siku ya Jumamosi.